Sauti Isikatike Njiani

Mwembesongo, Morogoro
3 Februari 2005

Baba Mdogo Alois,

Shikamoo. Marehemu baba angekuwepo angeniagiza nikuamkie kwa niaba yake, halafu angeongeza tusi la utani ambalo mimi siwezi kuliandika kwenye karatasi. Basi lichukulie kwamba limefika.

Nimepata kazi! Tangu nirudi kutoka chuo Dar hii ni ya kwanza kupewa peke yangu, bila fundi mkubwa wa kunisimamia. Hospitali moja ya misheni hapa mjini imepokea msaada wa visanduku vitano vya kurusha mtandao hewani bila waya, ile wanayoiita Wi-Fi, pamoja na simu kumi ndogo zinazotumia mawimbi hayohayo. Nesi anabonyeza namba mbili tu, daktari anapokea popote alipo ndani ya uzio. Huhitaji vocha wala mnara wa kampuni yoyote. Majengo yako matano, yamejipanga kwenye mteremko: ofisi ya mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, juu kabisa, kisha maabara, famasi, chumba cha upasuaji, na wodi ya wazazi chini kabisa. Kila jengo nimelifungia kisanduku chake, na nimevipandisha vyote nguvu hadi mwisho.

Sasa sikia balaa. Ukisimama mahali pamoja na kuongea, unamsikia mtu vizuri mno. Ukianza kutembea, ukivuka tu kutoka jengo moja kwenda jingine, simu inakufa. Na daktari wa upasuaji ni mmoja tu, Dkt. Castory, ambaye ndiye pia mganga mfawidhi, na mtu huyo hakai. Simu inayofanya kazi daktari akiwa amekaa haimsaidii yeyote.

Kamati ya jimbo la kanisa itakuja kukagua tarehe 22 Machi. Wakikuta sauti inakatika, visanduku vyote vitang'olewa vipelekwe hospitali nyingine, na wauguzi watarudi kukimbia huku na huku wakimtafuta daktari kwa miguu. Mimi nitarudi kuuza maandazi na mama.

Baba alisema wewe ndiye fundi bora aliyewahi kupanda naye nguzo za simu. Najua kule Mgeta hata mnara haujafika, ndiyo maana naandika na kumpa Stambuli wa lori la kabichi. Nisaidie.

Binti yako,
Saada Ramadhani


Mgeta
11 Februari 2005

Mtani wangu Saada,

Marahaba, na tusi la baba yako nimelipokea. Mimi sikumpa nafasi ya kunishinda akiwa hai, sitampa sasa. Siku ya mazishi yake nililala ndani ya kaburi kabla hajateremshwa, nikagoma kutoka mpaka ndugu zake Wanyamwezi wakanihonga, kama watani wanavyofanya. Hiyo ndiyo heshima niliyompa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Hayo mambo ya visanduku siyajui, nisikudanganye. Mimi ni mtu wa nyaya za shaba. Walipotupunguza kazi shirika la simu lilipogawanywa, nilirudi na koleo langu, sasa nalima njegere. Lakini nimekaa nikawaza kwamba ulichonacho wewe ni mzigo unaopokezwa njiani, na huku kwetu kupokezana mzigo tunakujua.

Wanawake wa hapa wanashusha matenga ya kabichi hadi barabarani kwa vipande. Mmoja anabeba mpaka kwenye kona, mwenzake anampokea. Yule wa pili hasubiri kwenye kituo chake, anapanda hatua kumi kumfuata wa kwanza, anaweka mkono chini ya tenga, na yule wa kwanza haachii mpaka ausikie huo mkono. Kwa hatua chache tenga lina mikono minne. Halafu wa kwanza anaachia kabisa, wala hang'ang'anii. Tuliwahi kuwa na mama mmoja mwenye nguvu kuliko wote, na ndiye aliyemwaga mizigo mingi zaidi, kwa sababu alikuwa hakubali kuachia.

Basi chukua simu moja, umpe mtu mmoja akae juu, wewe utembee ukihesabu hatua. Andika ni hatua ya ngapi inakatika, na kabla haijakatika sauti inakuwaje. Usikisie. Baba yako alikuwa hakisii kitu.

Uniambie pia: kutoka maabara hadi wodi ya wazazi ni hatua ngapi? Na nesi wa wazazi amepewa simu yake mwenyewe, au anaazima?

Alois


Mwembesongo
22 Februari 2005

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimetembea mpaka viatu vimelia. Nesi Angelina wa wodi ya wazazi, mama mmoja mpole lakini hacheki ovyo, alikubali kushika simu ya pili saa yake ya chai. Kutoka maabara hadi mlango wake ni hatua mia moja na themanini na mbili. Na ndiyo, simu yake anayo, ameifunga shingoni kwa kitenge.

Ulivyosema ndivyo ilivyo! Ninapotoka maabara simu inaendelea kukishikilia kisanduku cha maabara ingawa kile cha famasi kiko juu ya kichwa changu. Sauti inaanza kukwaruza hatua ya thelathini na tano, inakwaruza weee, halafu inakufa hatua ya sitini. Mimi ndiye niliyevipandisha nguvu vyote hadi mwisho nikidhani nawasaidia, na kwa kuwa kila kimoja kinasikika mbali mno, simu haioni sababu ya kuachia. Yule mama yako mwenye nguvu nimemfunga ukutani mara tano.

Halafu nikagundua kosa jingine, na hili nililigundua mwenyewe, naomba unisifu. Ili simu isikike lazima ipewe anwani na mtandao. Visanduku vyangu vyote vitano vilikuwa vinagawa anwani, kila kimoja kwa utaratibu wake. Ukivuka mlango unapewa anwani mpya, na aliyekuwa anaongea nawe anabaki anaongea na anwani ya zamani. Vinne nimevizima visigawe, sasa kinagawa kimoja tu. Visanduku vilivyo jirani nimevipa pia chaneli tofauti, ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja, visigombane hewani.

Lililobaki si la ufundi. Simu inahama yenyewe kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine pale tu vyote vinapokuwa na jina moja na neno moja la siri. Hapa kila kimoja kina jina lake. Siku ya kukabidhi vifaa kila mkuu wa idara alisaini chake kwenye daftari la mali, na kwa desturi ya ofisi zetu kitu ulichokisaini ni chako, ukikipoteza kinatoka shingoni mwako. Basi wakataka majina: MGANGA MFAWIDHI, MAABARA, FAMASI, UPASUAJI, WAZAZI, na kila mmoja akaweka neno lake la siri, analificha mithili ya funguo za stoo. Nilimwomba mzee Hatibu wa maabara abadilishe. Akaniambia, "Binti, mimi nimesaini MAABARA. Mkaguzi akija akikuta jina jingine nitamwambia maabara imekwenda wapi?"

Na kisanduku cha juu kimefungwa ndani ya ofisi ya Dkt. Castory, nyuma ya kuta mbili za mawe. Kinatakiwa kikae nje kwenye nguzo ya baraza ili kikutane na cha maabara. Nani atamwambia?

Jambo moja limeniuma. Umeniuliza wodi ya wazazi na hatua zake na simu ya nesi, ukaacha kuuliza chumba cha upasuaji kabisa. Unadhani kwa kuwa mimi ni mwanamke nitaishughulikia wodi ya wanawake tu? Au unadhani nitaisahau kwa kuwa ni ya mwisho?

Saada


Mgeta
28 Februari 2005

Saada,

Nisamehe. Sikuwa na maana hiyo. Mzee akikaa peke yake na njegere anauliza maswali ya ovyo. Nakusifu kwa lile la anwani, tena si kwa sababu umeomba. Mimi nisingeliona hata kwa mwaka mzima, na nimelisoma mara mbili kabla sijalielewa. Baba yako alikuwa na macho hayo.

Sasa huyo Dkt. Castory. Nauliza huku nikijua jibu: ni mtu wa Matombo, sivyo? Mluguru mwenzangu, basi. Mimi siwezi kumsaidia mtu hapo, kwa kuwa mimi kwake ni ndugu, na ndugu akimwambia mkubwa neno kama hilo mbele za watu anakuwa amemvunjia heshima. Hao chini yake ndiyo kabisa, hawatathubutu. Lakini wewe ni Mnyamwezi. Nani aliyekukataza kuchukua kitu cha Mluguru?

Unajua desturi. Mtani akikunyang'anya kofia hadharani, unacheka, unamrudishia tusi, na kofia imekwenda. Ukikasirika, aibu ni yako. Baba yako alinichukulia baiskeli kwa wiki mbili na mimi nikanywa chai kwake kila siku ili tu nimtukane. Usiende kwa daktari na barua ya maombi. Barua itakaa kwenye trei mpaka kamati ije iondoke. Nenda na bisibisi, mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa.

Hao wengine watafuata. Mkubwa akishacheka, nani atabaki amenuna?

Fanya upesi, mwanangu. Usingoje tarehe ya kamati.

Alois


Mwembesongo
10 Machi 2005

Baba Mdogo Alois,

Shikamoo. Kazi imefanyika, na mpaka sasa sijui miguu ilinipeleka vipi.

Niliingia kwenye kikao chao cha asubuhi, kile cha kupokezana zamu. Ofisi imejaa, wakuu wote wa idara, manesi mlangoni. Nikapiga hodi, nikasema, "Daktari, leo sikuja kama fundi. Nimekuja kama Mnyamwezi."

Akanyanyua uso kwenye mafaili. "Ala! Mnyamwezi ana nini ofisini kwangu asubuhi hii?"

"Nimekuja kuchukua changu. Mluguru amekikumbatia kisanduku humu ndani utadhani amekizaa, na nje watu wanataabika."

Mzee Hatibu alitazama sakafu, Baba Mdogo! Mimi nikapanda kiti, nikatoa bisibisi, nikaanza kufungua. Skrubu ya kwanza ikaniponyoka.

"Mtani," daktari akasema, "hicho nimekisaini."

"Saini baki nayo, mimi nachukua kisanduku."

Akacheka! Akacheka mpaka akavua miwani. "Haya chukua. Lakini ubebe mwenyewe, si ndiyo kazi yenu tangu enzi za misafara? Na usipumzike njiani!" Watu wakaangua kicheko, nami nikatoka na kisanduku kichwani, nikikishika kwa mkono mmoja, hadi kwenye nguzo ya baraza. Kabla ya saa sita mzee Hatibu mwenyewe alinifuata na kikaratasi chenye neno lake la siri. Kwenye daftari la mali tumeandika namba iliyo mgongoni mwa kila kisanduku, kwa hiyo kila mtu bado ana chake, ila hewani jina ni moja: HOSPITALI.

Kisha nikashusha nguvu, kidogo kidogo, siku tatu nikitembea. Nikishusha mno panabaki pengo kati ya famasi na upasuaji, nikipandisha mno simu inang'ang'ania. Jana nilitembea hatua zote mia moja na themanini na mbili, Angelina akinisomea orodha ya dawa, na sikupoteza hata neno moja. Nilirudi nikatembea tena kwa sababu sikuamini. Baba Mdogo, ningekuwa na mabawa ningeruka mpaka Mgeta nikakubusu mikono. Mtu ambaye hajawahi kuviona visanduku hivi amenifundisha kuvipanga!

Lakini nina nongwa. Stambuli ameniambia kwamba juzi Jumanne alikushusha mjini, wewe na mwanamke aliyejifunga khanga mpaka usoni, na mkarudi wewe peke yako na lori la jioni. Ulifika mjini, Baba Mdogo, na hukunipitia. Kutoka stendi hadi kwetu ni pua na mdomo. Nimekukosea nini?

Saada


Mgeta
13 Machi 2005

Mwanangu,

Hujanikosea. Nilikuwa na haraka, na kulikuwa na jambo la kifamilia. Nitaeleza siku nyingine.

Habari ya kisanduku kichwani nimeisoma kwa sauti mbele ya mke wangu. Tumecheka, halafu nimekwenda nje kidogo.

Mtembeze daktari mwenyewe. Wewe unatembea kifundi, umeshika simu vizuri, unajua pabaya ni wapi. Yeye atakimbia, ataiweka simu sikio hili na lile, atapita kati ya watu. Mtembeze kutoka maabara mpaka wazazi. Najua nimekuuliza sana habari za wazazi. Nifanyie hili bila kuniuliza.

Alois


Hospitali, barazani
Alhamisi, 17 Machi 2005, alasiri

Baba Mdogo,

Shikamoo. Ninaanza na neno moja ili usisome kwa hofu: wazima. Wote wawili, mama na mtoto. Stambuli anangoja, na nimemwambia asipoteremka hapo kwako kwanza sitamsemesha tena.

Leo saa nne na robo asubuhi nilikuwa maabara na Dkt. Castory. Nilikuwa nimemwita kwa ajili ya lile jaribio ulilotaka, na yeye alikuwa ananiambia kwamba Wanyamwezi hawana shukrani. Simu yake ikaita. Alikuwa Nesi Angelina. Hakusalimia. Alisema chupa ya uzazi imepasuka kwa mama mmoja na kitovu kimetangulia kabla ya mtoto.

Mimi sikujua maana yake, nimeelezwa baadaye. Kichwa cha mtoto kikikikandamiza kitovu, damu haimfikii, na ana dakika chache tu. Angelina alikuwa ameingiza mkono kukiinua kichwa. Hakuweza kuutoa, hakuweza kupiga hatua, alikuwa na muuguzi mmoja tu wa kumsaidia na huyo ndiye aliyemshikia simu sikioni.

Daktari akaanza kukimbia huku anaongea, mimi nyuma yake. "Usitoe mkono, Angelina. Mwinamishe, magoti na kifua chini, makalio juu. Umesikia? Mkono ubaki hapohapo." Tukapita famasi. Nilikuwa nahesabu hatua, nisamehe, sikuweza kujizuia. Hatua ya thelathini na tano, hatua ya sitini. Akakatiza katikati ya foleni ya wagonjwa, akabadilisha sikio. "Bado unasikia mapigo kwenye kitovu? Vizuri. Mwambie mama asisukume." Tukafika chumba cha upasuaji, akapiga mlango teke, akawapigia kelele waandae meza huku Angelina bado yuko sikioni, akaendelea kushuka. Hakusema "haloo" hata mara moja. Haikukwaruza hata mara moja. Aliingia wodini akiwa katikati ya sentensi na akaimalizia mbele yake.

Walimsukuma mama kwenye kitanda, Angelina akiwa juu yake amepiga magoti, mkono ndani, mpaka mezani. Dakika ishirini baadaye nikiwa nje nimekaa chini, nilisikia mtoto analia. Wa kike. Na mimi nikalia, mzee Hatibu akanipa leso yake ya maabara, sijui ilikuwa imefutia nini.

Angelina ametoka na mkono hauhisi kitu. Nilimwambia, "Nesi, wewe ni mwanamke wa ajabu." Akasema, "Ajabu ni kwamba nilimsikia anakuja njia nzima. Nilijua yuko karibu, ndiyo maana nikaweza." Kamati ikija Jumanne, daktari amesema hatawaonyesha visanduku. Atawapeleka kwa Angelina.

Halafu nikaenda kusaini kitabu cha wodi kwamba mtandao umefanya kazi, na nikaliona jina. Magreth Alois. Mgeta. Amelazwa Jumanne tarehe nane.

Ni binti yako. Ulikuwa unamleta binti yako, na mimi nikakuandikia nongwa. Kwa nini hukuniambia?

Saada


Mgeta
19 Machi 2005

Saada,

Kesho kutwa nashuka. Lakini haya siwezi kukuambia nikikutazama usoni, ndiyo maana nimekaa nayaandika.

Mwaka juzi, wewe ukiwa chuoni Dar, Magreth alipelekwa hospitali hiyohiyo kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mambo yakaharibika mchana, ghafla vivyo hivyo. Nesi hakuweza kumwacha. Akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni, akasema, "Mzee, kimbia ukamtafute daktari." Nilikimbia. Nilikwenda upasuaji, nikaambiwa yuko famasi. Famasi wakasema ametoka sasa hivi kwenda maabara. Maabara, ofisini. Ule mteremko niliupanda wote na umri huu. Kumbe alikuwa amekwishashuka kwa nyuma ya majengo, tumepishana. Niliporudi nilimkuta ameshafika wodini kabla yangu, amesimama, mikono ameishusha, na mtoto hayupo tena. Hakuna aliyekosea. Hata yeye nilimwona anafuta macho. Ila mimi ni mtu niliyefanya kazi miaka ishirini na mbili ya kufikisha sauti za watu, na siku hiyo sikuwa na kitu cha kufikishia sauti yangu isipokuwa miguu.

Barua yako ya kwanza ilipofika, Magreth alikuwa ana mimba ya miezi saba. Hospitali yenye daktari wa upasuaji ambayo tungeweza kuifikia ni hiyo. Sikulala vizuri tangu siku hiyo mpaka juzi.

Kwa nini sikukuambia? Nilikujua, wewe ni binti wa Ramadhani. Ungekwenda kuikaba wodi ya wazazi peke yake kwa ajili yangu, ungesahau kwamba daktari anatokea popote. Skrubu zingekuponyoka nyingi zaidi ya ile moja ya juu ya kile kiti. Nilitaka ufunge kwa ajili ya mtu usiyemjua, kwa sababu kazi ya namna hiyo ndiyo inayomfikia kila mtu. Jumanne ile nilisimama nje ya geti la hospitali, nikakuona kwa mbali unatembea barazani na simu sikioni, midomo inahesabu. Nilitaka kukuita. Nikajua nikifungua mdomo nitakuambia yote, nikageuka nikarudi kwenye lori.

Mimi na baba yako tulivuta waya kutoka Morogoro hadi milimani huku, kwenye mvua, nguzo kwa nguzo, na tulijiona mafundi. Na tulikuwa mafundi. Lakini hatukuwahi hata siku moja kumfikishia mwanamke sauti ya mtu anayekimbia kuja kumwokoa, ikakaa naye njia nzima isimwache. Umefanya wewe. Nilimpenda baba yako kuliko ndugu zangu wengi, kwa hiyo nikisema neno hili ujue nimelipima: umemzidi, mwanangu. Umetuzidi sote wawili.

Alois